Kapasita na Pengo la Milisekunde Kumi

Redio ikiletwa kwa fundi na malalamiko kwamba "inavuma", fundi mzoefu hagusi bisibisi kwanza. Huchomoa waya wa umeme, hutia betri, huwasha na kutega sikio. Mvumo ukiwa umekwisha na mtangazaji anasikika vizuri, mengi yameshajulikana: spika ni nzima, amplifaya ni nzima, na sehemu ya kunasa stesheni haina neno. Ubovu uko kwenye njia inayotoka ukutani, pale umeme wa nyumbani unapogeuzwa ili redio iweze kuutumia. Hapo, kando ya transfoma, husimama kopo dogo la alumini lililovishwa plastiki nyeusi au ya bluu. Hiyo ndiyo kapasita ya kuchuja, na mhadhara huu ni wake.

Mvumo wenyewe una hesabu. Umeme wa gridi Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Dayodi nne zikipangwa kwa mtindo wa daraja huishika ile nusu ya kurudi na kuipitisha njia ile ile ya kwenda. Kinachotoka ni msururu wa vilima 100 kwa sekunde, kila kimoja kikipanda kutoka sifuri hadi kileleni kisha kikishuka tena hadi sifuri. Umeme huo una mwelekeo mmoja, lakini hauna utulivu. Amplifaya ikilishwa hivyo hivyo huvikuza vilima pamoja na sauti ya mtangazaji, na sikio huvipokea kama mngurumo mzito wa hezi 100.

Kati ya kilele kimoja na kingine kuna milisekunde 10. Kazi yote ya kapasita ya kuchuja ni kuliziba pengo hilo.

Anayeishi kwenye mtaa wa mgao wa maji anaielewa kazi hii kabla ya kusoma fizikia yoyote. Maji ya bomba la mtaani huja kwa vipindi, lakini nyumba yenye simtanki juu ya mnara haina habari na vipindi hivyo. Yakija, tangi hujaa. Yakikatika, tangi hutoa, na anayeoga hawezi kujua kwamba saa hiyo bomba la nje ni kavu. Kapasita hufanya hivyo mara 100 kila sekunde. Mfano huu wa tangi utarudi tena mbele, maana unafaa kueleza hata maradhi ya kapasita na siyo afya yake tu.

Chombo cha kwanza cha kuhifadhi chaji kilikuwa, kwa kweli, chupa ya maji. Mwaka 1745 Ewald Georg von Kleist huko Pomerania, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba chupa ya kioo iliyoshikwa mkononi, yenye maji na chuma kinachoingia ndani, inaweza kulishwa umeme wa kusuguliwa na kuuweka. Aliyegusa chuma hicho kwa mkono wa pili alipigwa vibaya. Mwaka 1746 Jean-Antoine Nollet aliwapanga askari 180 wakiwa wameshikana mikono mbele ya Mfalme Louis XV wa Ufaransa, akaiachia chaji ya chupa moja ipite ndani yao, wote wakaruka kwa pamoja. Onyesho hilo lilisimuliwa sana, lakini jambo la maana zaidi kwa mhadhara huu lilifanywa Philadelphia, na Benjamin Franklin. Aliyamwaga maji ya chupa iliyojazwa, akatia mengine, na chupa ikapiga vile vile. Akahitimisha kwamba nguvu imekaa kwenye kioo. Kisha akaachana na umbo la chupa kabisa, akachukua vioo vya dirisha na mabati ya risasi, akavibana pamoja.

Hapo kapasita ikawa imevuliwa hadi mifupa yake: mabamba mawili ya kupitisha umeme, na katikati kihami. Elektroni zikisukumwa kwenye bamba moja, haziwezi kuvuka kihami, lakini huzifukuza elektroni za bamba la pili. Upande mmoja unakuwa hasi, wa pili chanya, na kati yao panakuwa na mvutano unaosubiri njia. Mabamba yakiwa mapana, chaji nyingi zaidi inaingia. Kihami kikiwa chembamba, mvutano unakuwa mkali zaidi na chaji inaongezeka tena.

Kipimo chake kinaitwa faradi, kwa heshima ya Michael Faraday, na kinaelezeka bila hesabu ngumu. Kapasita ya faradi moja ikijazwa kwa mkondo wa ampia moja kwa sekunde moja, volteji yake hupanda kwa volti moja. Ikinyonywa ampia moja kwa sekunde moja, hushuka volti moja. Sentensi hizo mbili zinatosha kukokotoa mvumo wa redio nzima.

Chukua kifaa cha volti 12 chenye transfoma. Transfoma inatoa volti 12 kwa kipimo cha mita, lakini kilele cha kilima ni mara 1.41 ya hapo, yaani karibu volti 17. Dayodi mbili zilizo njiani hula volti 1.4, inabaki kama 15.5. Kapasita ni ya maikrofaradi 4,700, na kifaa kinakunywa ampia 1. Katika milisekunde 10 za pengo, volteji itashuka kwa volti 2.1, hivyo kutoka 15.5 itafika 13.4 kabla kilima kingine hakijaja kuiokoa. Mbele yake ipo IC ya 7812, kazi yake kutoa volti 12 zisizotikisika, lakini IC hiyo inahitaji kupewa takriban volti 2 za ziada ndipo ifanye kazi, yaani 14. Kwa hiyo mwishoni mwa kila pengo IC inakosa pumzi, na mvumo unapita hadi kwenye spika. Mkondo ukipungua kuwa nusu ampia, volteji inashuka kwa volti moja tu, inaishia kama 14.4, na kifaa kinanyamaza. Hesabu hii inazidisha kidogo, kwa sababu kilima kipya huanza kujaza kabla milisekunde 10 hazijatimia, lakini inaeleza jambo ambalo wenye sabufa wanalijua: sauti ikiwa ya chini hakuna mvumo, ikipandishwa mvumo unaibuka. Mkondo umeongezeka, na tangi limekuwa dogo.

Mtu atauliza kwa nini basi isiwekwe kapasita kubwa mno, mambo yakaisha. Jibu liko kwenye dayodi. Dayodi hupitisha umeme pale tu kilima kinapozidi kimo cha volteji iliyomo ndani ya kapasita, yaani karibu na kilele. Kapasita ikiwa kubwa, hushuka kidogo, na muda wa kujazwa unakuwa mfupi zaidi. Chaji ya milisekunde 10 nzima sasa lazima iingie kwa kishindo. Ikiingia ndani ya milisekunde 2, kifaa cha ampia 1 kinapokea mapigo ya ampia 5, na kadiri muda unavyofupishwa mapigo yanazidi. Transfoma inapata joto, dayodi zinachoka. Kisha kuna ile sekunde ya kwanza kabisa ya kuwasha, ambapo kapasita tupu haina tofauti na waya uliogusanishwa. Ile cheche inayolia "tap" kwenye soketi chaja ya laptop inapochomekwa ni tangi tupu linalojazwa kwa mkupuo.

Na chaja hiyo hiyo ikichomolewa, kitaa chake kidogo huendelea kuwaka kwa sekunde kadhaa kabla ya kufifia. Waya umeshatoka ukutani, na bado kuna mwanga. Mhadhiri huyu hajapata kuona somo la kapasita lililo wazi kuliko hilo, wala la bei rahisi zaidi kwa darasa lisilo na maabara.

Sasa ni wakati wa kulifungua kopo. Kapasita nyingi za kuchuja ni za elektrolaiti, na asili yake ni hataza aliyoiomba Mpolandi Charles Pollak mwaka 1896. Mwaka 1925 Mmarekani Samuel Ruben akaomba hataza ya aina isiyokuwa na majimaji ya kumwagika, wakati ule ule ambao redio zilikuwa zikihama kutoka kwenye betri kwenda kwenye umeme wa ukutani na kuhitaji kichujio cha bei ya kawaida. Ndani ya kopo kuna karatasi mbili za alumini zilizoviringishwa kama mkeka, na kati yao karatasi laini iliyoloweshwa kemikali. Watu wengi hudhani karatasi hiyo ndiyo kihami. Kihami cha kweli ni utandu wa oksidi unaooteshwa juu ya alumini ya upande wa chanya, mwembamba kiasi cha takriban nanomita 1.4 kwa kila volti. Kwa kapasita ya volti 25, utandu wote hauzidi sana nanomita 50, yaani zaidi ya mara elfu moja chini ya unene wa unywele. Alumini yenyewe imeliwa kwa asidi hadi ikawa na vishimo visivyoonekana kwa macho, na hivyo uso wake umetanuka mara nyingi. Uso mpana na kihami chembamba: ndiyo maana maikrofaradi 4,700 zinaenea kwenye kopo la ukubwa wa kidole gumba.

Ile kemikali ya majimaji ina kazi mbili. Inaingia kwenye kila kishimo na kuwa bamba la pili, na inautibu utandu unapopata ufa. Lakini utandu huo unavumilia mwelekeo mmoja tu wa umeme. Kapasita ikifungwa kinyume, oksidi inaharibika, gesi inazaliwa, na kopo linapasuka kwa mlio unaoshtua chumba kizima. Mstari mweupe ubavuni, wenye alama ya kutoa, unaonyesha mguu wa hasi. Ule mkato wa msalaba juu ya kopo umewekwa kwa makusudi, ili gesi ikizidi ipate mlango.

Kwenye karakana, neno linalotumika ni "imevimba". Juu ya kopo panapaswa kuwa bapa kama sarafu. Pakipanda kama kitumbua, hakuna haja ya kipimo. Lakini kapasita nyingi hufa zikiwa na sura nzuri. Majimaji hukauka taratibu kupitia mpira wa chini, na yakikauka, kinachoongezeka ni ukinzani wa ndani, ule ambao mafundi huuita ESR. Turudi kwenye tangi. Tangi linaweza kuwa na lita zake zote huku bomba la kutokea limejaa kutu hadi limebaki tundu la sindano. Mpimaji atakayetumbukiza kijiti ataona limejaa. Anayeoga ataona matone.

Hili ndilo kosa linalowapotezea mafundi vijana siku nzima. Mita ya kawaida hupima ujazo wa kapasita polepole, kwa mkondo mdogo, na inaweza kuonyesha maikrofaradi 900 kwenye kapasita ya 1,000. Namba hiyo inaridhisha. Kumbe ukinzani wa ndani uliokuwa sehemu ndogo ya om moja umefika om nzima au zaidi, na pigo la ampia 5 likipita kwenye om moja, volti 5 zinapotelea humo humo na kugeuka joto. King'amuzi chenye tatizo hili kina tabia inayotambulika: taa inawaka, inakata, inajaribu tena, inakata. Mwenyewe ameambiwa bodi imeungua. Kilichokufa ni kapasita moja ya maikrofaradi 1,000 ambayo bei yake haifiki sehemu ya kumi ya bei ya bodi, na king'amuzi kimekwenda jalalani. Jambo hili linauma, kwa sababu linatokea kila wiki na lingezuilika kwa mita ya ESR na dakika kumi za kulehemu.

Joto ndilo adui mkuu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongezewa maisha mara mbili kwa takriban kila nyuzi 10 inapopoa. Kwenye nyuzi 65 hiyo ni saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka usiku na mchana. Kwenye nyuzi 75 ni saa 16,000, chini ya miaka miwili. Sasa mtu atazame sebule: king'amuzi kimepandishwa juu ya deki, deki juu ya amplifaya, na juu ya vyote kimetandazwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Kitambaa hicho kinapendeza, na matundu ya hewa yako chini yake.

Siyo kila kifo ni cha mtumiaji, hata hivyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 bodi za kompyuta dunia nzima zilianza kuvimba kapasita ndani ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu majimaji ya baadhi ya kapasita yalikuwa na maji mengi bila kemikali sahihi ya kuilinda alumini. Maji yalishambulia chuma, hidrojeni ikazaliwa, makopo yakafura. Mafundi wa kompyuta wa wakati huo walijifunza kubadilisha kapasita kumi kwa mkupuo.

Hadi hapa umezungumzwa ule mvumo wa hezi 100, lakini uchafu wa umeme una masafa mengi. Chipu ya kisasa huwasha na kuzima swichi zake mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila mara hudai gawio dogo la umeme papo hapo. Kapasita kubwa iliyo mbali haiwezi kuifikia kwa wakati, kwa sababu hata sentimita chache za waya zinazuia mkondo unaobadilika haraka. Mpishi naye haendi kwenye simtanki nje kila akihitaji kikombe cha maji. Ana ndoo karibu na jiko. Ndoo hiyo ni kapasita ndogo ya kauri, rangi ya mchanga, iliyoandikwa 104. Maana yake ni 10 ikifuatwa na sifuri nne, yaani pikofaradi 100,000, ambazo ni maikrofaradi 0.1. Kwa mvumo wa hezi 100 kapasita hiyo haina msaada, kwani inaukinza kwa karibu om 16,000. Kwa kelele ya megahezi 10, ukinzani wake kwa hesabu ni om 0.16, na kelele inamwagwa chini kabla ya kuingia kwenye chipu. Wanafunzi wanaounda roboti huikosa mara nyingi. Kila mota ikianza kuzunguka, programu inajianza upya, nao wanatafuta kosa kwenye programu.

Kuna kapasita nyingine za kuchuja zinazokaa mlangoni kabisa, pale umeme wa ukutani unapoingia kwenye chaja. Zile za daraja la X hulala kati ya nyaya mbili za umeme. Zile za daraja la Y huunganisha upande wa ukutani na upande anaougusa mtumiaji, ili kelele za chaja zirudi zilikotoka. Huo mwasho mwepesi ambao mkono huuhisi ukiteleza juu ya laptop ya bati, hasa pale soketi isipokuwa na ethi, ni mkondo mdogo sana unaopita kwenye kapasita ya Y. Kapasita hizi hutengenezwa kwa masharti makali ili zikiharibika zisimuue mtu, na hapa mhadhiri anasema bila kulegeza: mahali pa Y hapawekwi kapasita nyingine yoyote, hata kama namba ya ujazo ni ile ile.

Chaja na runinga za leo hazina ile transfoma nzito. Umeme wa volti 230 hupita kwenye dayodi moja kwa moja, na kilele chake ni volti 325. Kapasita ya kwanza, iliyoandikwa volti 400, hukaa na volteji hiyo, na ikiwa ya maikrofaradi 100 inakuwa na jouli 5 ndani yake. Waya ukichomolewa, haijulikani kama imejimwaga. Kuigusanisha miguu kwa bisibisi ni mazoea mabaya: ncha inayeyuka, bodi inaungua, na jicho liko karibu. Rezista ya om 10,000, ya wati 5 au 10, ikishikizwa kwenye miguu hiyo kwa nyaya zenye koti huimaliza ndani ya sekunde tano hivi. Wazee wa kazi hutumia balbu ya zamani ya waya, ambayo humulika mara moja na kuzimika, ikitoa ushahidi wake yenyewe. Baada ya hapo mita, kisha mkono.

Kwenye kaunta za spea za Kariakoo au Luthuli Avenue mazungumzo huwa mafupi.

"Kaka, nipe elfu moja ya kumi na sita."

"Ipo ya ishirini na tano, fundi."

"Leta, mradi iwe ya mia na tano."

Muuzaji na fundi wameelewana vizuri. Elfu moja ni ujazo, na huo unapaswa kufanana na wa awali. Kumi na sita ni volti, na hizo zinaweza kuzidi lakini haziruhusiwi kupungua. Mia na tano ni nyuzi joto, na ya 105 huishi zaidi kuliko ya 85. Lililobaki bila kuulizwa ni ESR, na kwenye chaja za kisasa lilistahili kuulizwa kwanza. Kopo likiwa jepesi kupita kiasi mkononi, lipimwe kabla ya kulipiwa, kwa maana zipo bandia ambazo ndani ya kopo kubwa wamefungia kapasita ndogo.

Na ile iliyokaa rafuni miaka mingi, hata ikiwa mpya kwenye mfuko wake, haichomekwi moja kwa moja. Utandu wa oksidi hudhoofika bila umeme. Fundi mvumilivu huiunganisha kupitia rezista ya maelfu ya om, huanza na volti chache, na kupandisha kidogo kidogo huku akiitazama mita. Mwanzoni mkondo unaovuja ni mkubwa. Kisha, utandu unapoota tena juu ya alumini, sindano hurudi nyuma taratibu kuelekea sifuri. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua alasiri nzima. Sindano ikitulia, kapasita inakatwa umeme, inamwagwa chaji, na ndipo inapolehemiwa mahali pake.